Arki ya Ndizi Mvunguni

Nyumba ya Bi Mwanatabu pale Magogoni ilinuka ndizi mbivu kutwa kucha, na ndani hamkuwa na ndizi hata moja. Harufu ilianzia chumba cha katikati, ikapita chini ya mlango, ikajaa ukumbi mzima, na wapangaji walikuwa wameizoea hata wakaacha kuisema. Wageni ndio waliouliza. Mtu akija kumjulia hali mwenziwe huangaza macho huku na huku akitafuta mkungu, akaambiwa aketi tu, hizo ni ndizi za Nyevu, hazimenywi.

Nyevu alikuwa mke wa Changawa, na Changawa alikuwa kibarua katika godauni moja huko Changamwe, mahali panapofikia madramu ya arki kutoka ng'ambo: ya ndizi, ya nanasi, ya waridi, vitu wanavyotia watu kwenye keki, kwenye barafu za watoto na hata kwenye sabuni ya maji. Kazi hiyo aliipata kwa mkono wa Najib, mwenye duka la Mwandoni, ambaye hununua arki kwa mitungi akaiuza kwa vichupa. Na kwa kuwa Najib hakutaka kukodi chumba cha kumiminia, alimletea mke wa Changawa mitungi nyumbani. Ilikuwa ile mitungi ya manjano ya mafuta ya kupikia, haina kibandiko wala maandishi. Nyevu aliipanga mvunguni mwa kitanda, maana katika chumba cha bati sakafu ya saruji ndiyo mahali penye ubaridi. Kila asubuhi huketi chini na faneli yake akamimina. Usiku mwanawe Josephine hulala juu ya kitanda hicho hicho.

Kichwa kilimuuma. Alidhani ni njaa, kisha akadhani ni mimba, mwisho akaacha kudhani. Faneli ya plastiki nayo ililegea ikawa laini mkononi, akanunua nyengine. Mwenye nafasi angeketi akajiuliza ni chakula gani hiki kinachoyeyusha faneli. Nyevu alikuwa na vichupa vya kujaza.

Jumanne hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nafula, mpangaji wa chumba cha mwisho, mtu wa Bungoma aliyekuja pwani kumfuata mume wa bandarini na akabaki hata mume alipoondoka, alikuwa akikaanga viazi vya kuuza. Siku zote hukaangia uani. Mvua ilipozidi aliliburura jiko lake la makaa akaliingiza ukumbini, karibu na mlango wa nyuma. Hakuna aliyemkataza, kwa sababu kila mpangaji hufanya hivyo mvua ikinyesha.

Chumbani mwake Nyevu alikuwa amemwaga arki. Kifuniko cha mtungi mmoja kilikuwa kimelegea, naye alikuwa akikifunga kwa nailoni. Mtungi ulipoinama nailoni ikateleza. Akafuta kwa matambara, akayatia matambara katika beseni, akalisukuma beseni nje ya mlango ili harufu isimzidi. Kati ya beseni na jiko la Nafula palikuwa na milango ya vyumba viwili. Nani angeogopa?

Moto haukuruka hewani. Ulianzia chini ya jiko, mwembamba, wa rangi ya samawati, ukatambaa sakafuni ukapita mlango wa kwanza, ukapita wa pili, ukafika kwenye beseni na hapo ukasimama ukawa mkubwa. Nafula aliuona kwa macho yake. Akanyakua sufuria ya maji aliyooshea viazi akaimwaga juu ya beseni, jambo ambalo mimi na wewe tungelifanya, na moto badala ya kuzimika ukapanda juu ya maji, ukafurika nayo, ukaelea ukumbini kumrudia yeye. Ulimpata kwenye kifundo cha mguu. Nyevu alitoka mbio na gunia la kufutia miguu, limelowa mvua chepechepe, akalifunika beseni, kisha akakimbilia uani akazoa mchanga kwa leso yake akaumwaga, akarudi akazoa tena, mpaka ukumbi ukabaki na moshi na kilio cha Nafula.

Bi Mwanatabu, mwenye nyumba, alitoka chumba cha mbele akiwa na tasbihi mkononi. Alikuwa mtu mzima, mwenye mwendo wa polepole, na wapangaji wake aliwatazama wote kuwa ni wanawe, hata wale waliomkera.

"Nyevu," aliita.

"Abee, mama."

"Ni nini hiki?"

Nafula ndiye aliyejibu, mguu wake ukiwa ndani ya ndoo. "Ni moto, mama. Moto ilitembea. Mimi siwezi kudanganya. Ilitoka kwangu ikapita hapo kwa milango kama mtu anajua kwenye anaenda. Nikaimwagia maji, ikakataa maji."

"Ulikataa maji?"

"Ilikuja juu ya maji, mama. Rangi ni bluu."

Bi Mwanatabu alilitazama beseni. Wapangaji wengine walikwishatoka vyumbani, na mmoja wao alisema, si kwa sauti ya chini sana, kwamba watu wengine wakija mjini kutoka kwao Ganze huja na mambo yao. Nyevu alikuwa ameinama akichota mchanga uliotapakaa. Aliyasikia, na uso ukamwaka, lakini hakuinua kichwa.

"Huo si moto wa makaa," Bi Mwanatabu akasema mwishowe. "Huo una mwenyewe. Alhamisi, nikishaswali alasiri, n'tapitisha ubani chumba baada ya chumba. Na safari hii hapana wa kuniambia yeye mtu wa kanisa. Hata chako, Mama Josephine. Mpaka mvunguni."

"Sawa, mama," alijibu Nyevu, kwa maana siku hiyo hakuwa na uso wa kumkatalia mtu kitu.

Changawa alirudi magharibi akakuta ukumbi una mchanga na mkewe ana malengelenge kwenye vidole. Alielezwa yote ugali ukipakuliwa.

"Makaa yamerusha cheche," alisema. "Jiko la Nafula bovu."

"Cheche hairuki milango miwili, Changawa."

"Basi mimi sijui."

Nyevu alimtazama akila. Lilikuwapo jambo lililomkaa rohoni muda mrefu, na hakujua kwa nini lilimjia wakati huo. "Nataka kukuuliza kitu, na leo usinizungushe. Mchana simu yako huwa wapi?"

Changawa aliteremsha tonge. "Tumeanza tena?"

"Hatujaanza. Huwa wapi?"

"Getini, kwa askari. Nimekwambia mara ngapi?"

"Umeniambia, na sikukuamini. Nilikuwa na yakini una mwanamke. Haya, leo nimeamini. Waiacha getini kwa nini?"

"Masharti."

"Masharti ya nini?"

"Ya moto," alisema Changawa. "Simu yaweza kutoa cheche. Sigara haingii, kiberiti hakingii, hata viatu vyenye misumari haviingii. Kabla ya kumimina tunalifunga dramu waya unaokwenda ardhini. Milango huachwa wazi pande zote upepo upite. Na kila nguzo ina ndoo ya mchanga, kwa sababu arki ukiimwagia maji..."

Akarudisha tonge sahanini.

"Malizia," alisema Nyevu.

"Huelea. Huelea ikiwaka."

"Na ile harufu? Ikitoka kwenye dramu huenda wapi?"

"Hushuka. Ni nzito, hukaa chini chini ikitambaa. Odhiambo, msimamizi wetu, hatuachi tuchuchumae kando ya dramu. Asema kichwa huuma."

"Kichwa huuma," Nyevu alirudia.

Wote wawili walitazama kitanda. Josephine alikuwa amekaa juu yake akila, miguu ikining'inia.

"Lakini hayo ni mambo ya godauni, Nyevu," alisema Changawa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayebembeleza. "Kule kuna madramu. Hii ni mitungi tu."

Changawa hakuwa mjinga wala hakuwa mtu mbaya. Kila asubuhi aliyavaa masharti pamoja na ovaroli, na kila jioni akayavua pamoja nayo akayaacha kwenye msumari kule Changamwe. Haikumpitikia hata siku moja kwamba masharti yale yalikuwa ya arki. Yeye alidhani ni ya geti.

"Kesho nakwenda kwa Najib," alisema Nyevu. "Aje achukue vitu vyake."

"Usimuudhi. Nikikosana na Najib, pale godauni sina mtu."

"Sitamuudhi. Na leo Josephine analala kwa Nafula. Wewe fungua dirisha, na hapana kuwasha kiberiti humu ndani."

Dukani kwa Najib palikuwa na wateja, na Nyevu alisimama kando. Kila alipofungua kinywa Najib alimwinulia kidole, yaani angoje, akamhudumia aliyekuja nyuma yake. Alipomaliza akauliza, "Vichupa vimeisha?"

"Havijaisha, Bwana Najib. Nimekuja kukuomba uichukue ile arki. Jana imeshika moto."

Akamweleza. Alieleza vizuri, kwa mpango, jiko lilikuwa wapi na beseni lilikuwa wapi, na jinsi harufu inavyotambaa chini. Najib alisikiliza huku akipanga masanduku. Kisha akachukua kichupa kutoka rafuni, akadondosha tone kwenye kidole, akakilamba mbele ya watu wote.

"Mama, hiki ni chakula," alisema. "Watoto wa Kisauni nzima wanakula barafu za hiki kitu. Umesikia mtoto gani amewaka moto?"

Wateja walicheka. Mama mmoja aliyekuja kununua arki ya vanila alicheka mpaka akashika kaunta. Nyevu aliona haya, na haya hizo zikageuka hasira papo hapo, akaishukuru hasira kwa kuja.

"Hao wanatia tone moja kwenye ndoo ya maji," alisema. "Mimi mwanangu analalia mitungi. Ikiwa haina neno, chukua mmoja ukauweke chini ya kitanda chako."

Najib hakucheka tena. "Sikiliza. Kazi hii kuna wanawake wanaitafuta. Ukiishindwa sema umeishindwa, usinitungie hadithi. Jumamosi nitapita na pikapu. Lakini ukiiweka juani ikaharibika, mtanilipa, wewe na mumeo. Na Changawa akumbuke nani alimwingiza pale."

Nyevu alitoka bila kuaga. Njiani aliongea peke yake, na mtu mmoja akampisha kwa kumdhani mwehu.

Alimkuta Bi Mwanatabu barazani akichambua mchele, akaona heri amalize yote siku moja. Alimwamkia, akaitikiwa, akakaa chini kwenye mkeka, akamwambia kwamba moto ule haukuwa na mwenyewe ila yeye Nyevu. Ilikuwa ni arki, na ubani ukipitishwa ukumbini kabla mitungi haijaondoka, nyumba itawaka.

Bi Mwanatabu alichambua mchele kwa muda. "Kitu cha keki, Mama Josephine?"

"Ndicho hicho, mama."

"Ubani wangu jana nilikuwa hata sijauwasha. Leo ndio umekuwa mbaya?" Hakuwa na hasira, alikuwa ameumia, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Tangu nimeolewa kuja nyumba hii, kila Alhamisi n'napitisha chetezo. Mamangu mkwe alipitisha. Chumba chako nakiruka kwa kuwa naheshimu dini yako. Na wewe heshimu ya wenzio, mwanangu. Kesho ni kesho."

Jioni Changawa alitaka mambo yangoje Jumamosi. Nyevu alimwambia kuwa hatangoja Jumamosi, na kwamba alikuwa tayari kuitoa mitungi yote usiku huo huo, mvua inyeshe isinyeshe.

"Ukiiacha nje itaibwa, tutakoma," alisema Changawa. "Sikia. Kesho adhuhuri naomba ruhusa, naja na mkokoteni. Tunampelekea Najib mpaka dukani kwake, atukane anavyotaka. Wewe usiiguse."

"Adhuhuri?"

"Adhuhuri."

Nyevu akakubali. Huko kukubali kulimuuma baadaye kuliko malengelenge ya vidole.

Alhamisi ilikuwa siku ya Nafula kubadilishwa bendeji, na Nyevu hakuona haki aende peke yake. Alimwacha Josephine kwa Bi Mwanatabu. Alifunga dirisha kwa kuogopa wezi, akafunga mlango kwa kufuli, Changawa naye ana ufunguo wake, akaenda.

Zahanati ilikuwa imejaa. Walikaa kwenye benchi mpaka jua likapita utosi, na zamu ilipofika muuguzi akauliza mguu umeungua na nini.

"Ni moto ya shetani, sista," alisema Nafula, na benchi lote likaangua kicheko.

"Ni moto wa arki," alisema Nyevu. "Mimi ndiye niliyeimwaga."

Muuguzi aliandika bila kuinua kichwa. Nafula alimgeukia Nyevu akamtazama kitambo. Walipokuwa wakirudi, akijikokota na mkono umeshika bega la mwenziwe, akasema, "Si ungenyamaza tu? Wangesema ni shetani, na wewe ukae salama."

"Nikinyamaza, jiko lako litarudi ukumbini mvua ikinyesha."

Mvua ilikuwa imekatika tangu jana yake na jua lilichoma. Walifika msikiti wa mtaani ukitawanya watu wa alasiri. Mbele ya nyumba hapakuwa na mkokoteni wala Changawa. Nyevu alipiga simu akaambiwa mteja hapatikani. Kwa mara ya kwanza ile sauti haikumkasirisha, ilimtisha. Alidhani mumewe yu bado ndani ya geti.

Barazani, Bi Mwanatabu alikuwa akipepea chetezo. Makaa yalikwisha kuwa mekundu. Josephine alisimama kando yake ameshika kijaluba cha ubani kwa mikono miwili, amefurahi kupewa kazi.

"Mama, ningoje kidogo," alisema Nyevu akampita.

Ukumbini harufu ilikuwa imebadilika. Haikuwa ya ndizi tena, ilikuwa kali, ya kukaba, na ilikuwa nzito zaidi alipoinama. Alifungua kufuli. Chumba kilikuwa tanuri. Ile nailoni ilikuwa imefumuka kwa joto, kifuniko kimelala kando, na arki ilikuwa imechuruzika kutoka mvunguni mpaka mguu wa kabati. Machozi yalimtoka kwa ukali wake. Alilisukuma dirisha likafunguka, akageuka, na mwisho wa ukumbi akamwona Bi Mwanatabu anainua mguu kuvuka kizingiti, chetezo mkononi, akianza kusema bismillahi.

Hakujua alifikaje mlangoni. Alijikuta amesimama katikati yake, mikono ameshika miimo ya pande mbili.

"Pisha, mwanangu, makaa yataisha."

"Sipishi, mama."

Waliokuwa wakitoka msikitini walisimama. Muuza maji aliweka mitungi yake chini. Mpangaji kumzuia mwenye nyumba mlangoni pake, tena mtu mzima, tena na chetezo mkononi, ni jambo ambalo Magogoni lingesimuliwa muda mrefu.

"Waniambia hivyo mimi? Mlangoni pangu?"

"Mlango ni wako na nyumba ni yako. Ukitaka nihame, nitahama leo, kitanda nitakibeba kichwani. Lakini kaa hilo haliingii humu. Mtungi umefunguka, arki imejaa sakafuni. Ukifika hapo ndani tu, sisi wote tumekwisha."

"Wanikataza ubani."

"Si ubani, mama. Ubani weka kifuani ukitaka. Ni kaa." Mikono ya Nyevu haikuachia miimo. "Josephine, nenda kwa muuza maji."

Mtoto alimtazama Bi Mwanatabu, hajui amtii nani.

"Enenda," alisema Bi Mwanatabu, na bado hakurudi nyuma. Wanaume wawili wa msikitini walikuwa wameanza kusogea, mmoja akisema mwanamke huyu atolewe mlangoni, ndipo Changawa alipotokea barabarani, shati limemganda mwilini, mikono mitupu. Mkokoteni hakuupata, ruhusa alichelewa kupewa, na simu hakukumbuka kuiwasha mpaka alipokuwa njiani.

"Afadhali umekuja," Bi Mwanatabu alimwambia. "Wewe ni mwanamume wa nyumba. Mwambie mkeo apishe."

Changawa alifika kwenye ngazi ya baraza, na hapo harufu ikampokea. Kila mtu alimwona akisimama. Alimtazama mkewe, akatazama makaa. Kisha mkono wake ulikwenda mfukoni wenyewe, namna unavyokwenda kila asubuhi kule Changamwe, ukatoa simu. Akaizima. Akatoa na kiberiti. Akavishika vyote viwili akampa Bi Mwanatabu.

"Nishikie, mama."

"Nikushikie simu ya nini?"

"Kazini hatuingii nayo penye kitu hiki. Wala na kiberiti. Mkubwa wetu akikuta kaa la moto mahali pananuka hivi, hufukuza watu wote mpaka barabarani." Akawageukia watu. "Mke wangu asema kweli. Mimi nilijua. Nilijua tangu siku ya kwanza, na nikakiweka chini ya mtoto wangu."

Bi Mwanatabu alikuwa na simu mkono mmoja na chetezo mkono wa pili. Alivitazama. Aligeuka, akashuka baraza kwa mwendo wake ule ule, akavuka barabara akaenda upande unakotoka upepo, akainama kwa taabu, akachimba mchanga kwa kiganja na kuufukia ule moto, chetezo na makaa yake.

"Basi hapo," aliwaambia wanaume wa msikitini. "Mwasimama mwatazama nini? Waambieni watu wazime majiko."

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono. Walifungua mlango wa mbele na wa nyuma, na Changawa akakataza mtu kugusa swichi ya taa. Sakafu ilimwagiwa mchanga mkavu, mchanga ukazolewa kwa sepeto la mbao, ukamwagwa mbali. Nyevu na mumewe waliibeba mitungi mmoja mmoja, imenyooka, vifuniko vimekazwa, mpaka kwenye msingi wa nyumba isiyokwisha kiwanja cha pili, penye kivuli cha ukuta na upepo wa kutosha. Nafula aliwekewa kigoda akakaa mbali kidogo na mguu wake wa bendeji, na kila mwenye sigara aliyepita alimpigia kelele azunguke. Usiku Nafula alilala pale pale kwenye mkeka mpaka Jumamosi, akipokezana na Changawa, na hakuna aliyeiba kitu.

Najib alikuja na pikapu kama alivyosema. Hakuamkia mtu. Alihesabu mitungi, akauona ule uliomwagika, akasema vichupa vyote Nyevu alivyojaza havina malipo, na kwamba kazi amekwisha kumpa mtu mwengine, mwanamke mmoja wa Mtopanga, mwenye adabu zake.

"Umemwambia?" Nyevu aliuliza.

"Nimwambie nini?"

"Nyumba gani huyo?"

Najib alicheka, akapandisha kioo, akaondoka.

Maisha yaligeuka magumu. Zilikuwapo asubuhi Changawa alisimama getini jina lake lisiitwe, akarudi. Nyevu alianza kufua nguo za watu. Kichwa kiliacha kumuuma. Alhamisi ya pili, baada ya alasiri, alikuwa chumbani akikunja nguo aliposikia mtu mlangoni.

"Hodi, Mama Josephine."

Bi Mwanatabu alikuwa amesimama nje ya kizingiti. Chetezo alikuwa nacho, lakini amekishika nyuma yake, mbali na mlango. Tangu Nyevu aingie nyumba ile, hakuwahi kusikia mwenye nyumba anapiga hodi katika vyumba vyake mwenyewe.

"N'naweza kupita?" aliuliza. "Ukisema nisipite, sipiti."

Nyevu alipiga magoti, akainama mpaka shavu likagusa saruji, akanusa mvunguni. Alinusa pembe zote. Kisha akainuka akasogeza pazia.

"Karibu, mama. Mpaka mvunguni."

Kesho yake, nguo za watu zilipokwisha kuanikwa, alijifunga leso akatembea mpaka Mtopanga. Hakujua jina la mtu wala nyumba. Alipita kichochoro kimoja baada ya kingine akinusa, na watoto wakamfuata wakimcheka, akawaacha wacheke. Siku ya kwanza alirudi mtupu. Jumamosi akaenda tena. Siku ya Jumatatu, nyuma ya kinyozi, harufu ya ndizi mbivu ilimjia miguuni kabla ya kumfika puani. Aliifuata mpaka kwenye mlango uliokuwa wazi nusu. Mwanamke mmoja, kijana kuliko yeye, alikuwa amechutama mbele ya jiko lenye makaa meusi, mtoto mgongoni, na nyuma yake mvunguni mitungi ya manjano imepangwa vizuri.

"Karibu, dada," yule mwanamke alisema kwa ukunjufu, akafungua kiberiti.

"Kiweke chini hicho kiberiti kwanza, mwenzangu," alisema Nyevu, akaingia bila hodi. "Tutaamkiana baadaye."